Mvua Kwenye Sayari Isiyo na Mawingu

Ninyi mnaokabidhiwa maktaba za shule siku hizi mnakuta rafu, meza, na pengine kompyuta moja kwenye kona. Mimi nilikuta magunia. Nilikuwa mtunza stoo wa shule ya sekondari ya kata, jirani na Mkiwa, mkoani Singida, na kazi yangu ilikuwa mahindi, maharage, majembe na chaki. Siku moja lori likashusha vitabu vya msaada, mkuu wa shule akauliza viwekwe wapi, na kwa kuwa chumba pekee chenye kufuli kilikuwa stoo, vikaja kwangu. Nikawa mtu wa maktaba kwa sababu funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Sababu nyingine hakuna.

Wanafunzi waliendelea kuniita Babu Stoo hata baada ya mahindi kuhamishiwa jengo jingine. Jina langu ni Zefania, lakini ukifika Mkiwa ukamuulizia Zefania watakutazama tu. Uliza Babu Stoo.

Mwezi uliopita mwalimu kijana aliyeachiwa ile maktaba alikuja nyumbani na daftari. Akaniamkia, akakaa, akaniuliza, "Babu, hizi hadithi za kubuni za kisayansi, mtoto wa kidato cha kwanza unamchagulia vipi?" Nikaanza kumjibu kwa mdomo, chai yake ikapoa na mimi bado niko mwanzoni. Nikamwambia nenda, nitaandika. Kwa hiyo haya ni yake, na ni ya kijana yeyote atakayepewa funguo kama nilivyopewa mimi. Nitaanza na aibu ndogo. Kubwa inakuja.

Mwanzoni nilipanga vitabu kama nilivyopanga magunia: vizito chini, vyepesi juu. Aliyenitoa huko ni Mwalimu Naomi, mwalimu wa fizikia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali wa sauti, mpole wa vitendo, na ndiye mtu mzima wa kwanza niliyemwona akisoma hadithi za namna hii huku akicheka peke yake. Akaniambia, "Mzee Zefania, tenga upande mmoja uwe wa hizi. Watoto wa miaka kumi na tatu, kumi na nne wanazipenda kuliko unavyodhani."

Nikatenga. Nikapitia majalada, na kila lililokuwa na nyota, mtambo, au mtu aliyevaa kofia ya kioo, likaingia upande ule. Wiki mbili baadaye mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza akarudisha kitabu kinene chenye picha ya mtambo unaong'aa. Nikamuuliza kama amekipenda. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Babu, nimefika ukurasa wa arobaini, hajatokea mtu hata mmoja."

Kilikuwa kitabu cha kutengeneza matrekta.

Mwalimu Naomi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Alipomaliza akanionyesha jambo ambalo nimelitumia mpaka nastaafu. Fungua ukurasa wa kwanza, mtafute mtu anayetaka kitu. Kama hadi ukurasa wa tatu hujampata, kuna mitambo tu na majina ya sayari, mtoto wa umri ule atakirudisha, na safari nyingine hatakuja. Mtambo ni mzuri, lakini mtoto anamfuata mtu.

Lugha nayo ina mambo yake. Mtoto ametoka shule ya msingi amesoma kila kitu kwa Kiswahili, na nyumbani wanasema Kinyaturu au Kinyiramba. Ghafla kidato cha kwanza ni Kiingereza, na vitabu vingi vya aina hii tulivyoletewa vilikuwa vya Kiingereza. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nilijua uchungu wake. Nilikuwa namfungulia mtoto katikati ya kitabu, anasoma nusu ukurasa kwa sauti, kisha nafunga, namwambia anisimulie kwa Kiswahili. Akinipa maneno matatu makavu, kitabu kinamzidi, namtafutia chepesi. Akinisimulia hata yasiyokuwemo, anaongeza na ya kwake, namwandikia aende nacho, hata kama kuna maneno kumi hayajui. Hayo kumi atayapata njiani. Vya Kiswahili vilikuwa vichache, na nilivificha nyuma ya meza kama sukari wakati wa uhaba, nikiwapa wale walioanza kukata tamaa.

Sasa ile kubwa.

Mwalimu Naomi aliniambia, mara ya kwanza tu alipoingia stoo, "Vitabu hivi viko chini, vimeegemea ukuta. Tafuta mbao uviinue." Nikasema kesho. Kesho yangu ikamaliza msimu mzima wa mvua. Mchwa wakapanda ukutani, na kwa kuwa nilikuwa nimeviegemeza majalada ya nyuma yakitazama ukuta, wakaanza kula kutoka nyuma. Siku nilipogundua nilitoka jasho. Nilifukuza mchwa, nikaleta mbao siku ile ile, na vile vilivyoliwa nikakata sehemu iliyochakaa kwa wembe na kugundisha majalada upya. Kwa nje havikuonekana kuwa na shida. Sikumwambia mkuu wa shule wala Mwalimu Naomi. Nilijiambia kurasa chache za mwisho si kitu. Ni wangapi wanafika mwisho?

Hadija alifika.

Alikuwa kidato cha kwanza, mwembamba, sketi ya shule imemzidi kiuno ameishikiza kwa pini. Mama yake aliuza kuku na vitunguu pale Mkiwa mabasi yanaposimama. Baba yake alikuwa na ng'ombe upande wa Itigi, akija nyumbani kwa msimu. Hadija hakuwa mtoto wa maneno mengi, ila akiuliza anauliza, na anasimama hapo mpaka umjibu.

Nilimpa kitabu cha Kiingereza chepesi, kuhusu watu arobaini wanaoishi katika mji uliochimbwa ndani ya mlima, kwenye sayari ya mbali. Ni sayari kavu. Maji yao yote yanatengenezwa na mashine, na mashine inaharibika. Chombo cha msaada kitafika baada ya siku thelathini, na maji yaliyobaki yanatosha siku kumi na nane. Kuna msichana wa miaka kumi na nne ambaye kazi yake ni kupima maji kila asubuhi na kugawa. Haya yote nilikuwa nimeyasoma nyuma ya jalada. Nilimchagulia kwa sababu ya maji. Nilifikiri mtoto wa Singida hahitaji kuelezwa maana ya kupima maji kwa kikombe. Hapo sikukosea.

Siku ya tano akaja mbio mapumziko ya saa nne. Hakuniamkia hata, na huyu alikuwa mtoto wa kuamkia.

"Babu, kimeishia njiani."

"Kivipi?"

"Wamebakiza maji ya siku mbili, yule dada ameshuka kwenye mashimo ya zamani na taa, halafu basi. Hakuna kurasa."

Ndipo akakumbuka. "Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Nilikishika kile kitabu, nikaona kazi yangu ya wembe. Mwalimu Naomi alikuwa hatua chache tu, anapekua magazeti. Kama ningesema mchwa, angesikia.

Nikasema, "Hicho ni cha zamani kidogo. Lakini mimi mwisho wake naujua. Nimekisoma."

Macho yake yaling'aa. "Wanapona?"

"Wanapona. Mvua inanyesha. Mvua kubwa, wanatoka nje na ndoo, wanacheza, wanajaza kila chombo mpaka msaada unafika."

Ndugu zangu, mtu wa huku ukimwambia abuni mwisho mwema, atabuni nini kingine? Nilijiona nimetunga vizuri kabisa.

Hadija hakucheka. Alikunja uso. "Mvua? Ilitoka wapi?"

"Juu."

"Lakini Babu, mwanzoni wamesema kule hakuna mawingu. Mimi nilifikiri watapata barafu. Kila yule dada akishuka chini anasema kuta zina baridi, anasema vidole vinakufa ganzi. Nikasema kule chini kuna barafu."

Hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Ningesema, unavyosema wewe ndivyo inavyoingia akilini, hebu tutafute nakala nyingine. Badala yake nikasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kulirudisha mdomoni. Nilisema, "Wewe umesoma nusu, mimi nimesoma chote. Ni mvua."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya, Babu." Akaondoka.

Miezi miwili baadaye shule nne zilikutana Manyoni kwa shindano la kusoma. Kila shule ilipeleka wanafunzi watatu. Mtoto anasimama, anasimulia kitabu alichokisoma, kisha waamuzi wanamuuliza maswali. Mwalimu Naomi alimchagua Hadija, na Hadija akachagua kitabu kile. Mimi nilikwenda kama msindikizaji, nimevaa koti.

Alisimulia vizuri. Alieleza yule msichana anavyopima maji, anavyomnyima mzee mmoja kikombe cha pili. Niliona walimu wa shule nyingine wameacha kuandika. Kisha akafika mwisho, akasema mvua ikanyesha.

Mwamuzi mmoja, mwalimu wa makamo mwenye miwani, akainua kichwa. "Mvua ilitoka wapi, mwanangu?"

Hadija akagusa pini ya sketi yake.

"Si umetuambia sayari haina mawingu?"

Mtu akacheka kwa nyuma. Wakacheka wengine. Watoto wakicheka ukumbini inakuwa kama moto wa nyasi, huwezi kuuzima. Mwamuzi hakuwa mtu mbaya, aliwanyamazisha, kisha akasema polepole, "Mimi nimekisoma mara mbili. Walipata barafu kule chini ya mashimo. Ndiyo maana kuta zilikuwa na baridi tangu mwanzo. Inaonekana hukufika mwisho. Ukisema umesoma, uwe umesoma."

Hadija alinitafuta kwa macho katikati ya ule umati. Hakuwa analia. Alinitazama tu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali, na alipomaliza kukisoma akashusha macho na kwenda kukaa.

Njia nzima kutoka Manyoni mpaka Mkiwa alikaa viti vya nyuma, na mimi nikabaki vya mbele.

Kesho yake Mwalimu Naomi akaja stoo, akafunga mlango. "Kile kitabu ulikisoma?"

"Hapana."

"Kurasa ziko wapi?"

Nikamwambia mchwa. Nikamwambia na wembe. Nilitegemea anifokee. Alikaa juu ya katoni, akasema, "Mchwa ni uzembe, wazembe tuko wengi. Lakini yule mtoto alikuwa amepata jibu kwa akili yake mwenyewe. Jibu sahihi. Unajua mimi natafuta nini darasani kila siku? Hicho. Na wewe ukamwambia akiache." Akasimama. "Usimpelekee kitabu kingine kama pipi. Nenda kaongee naye."

Ilinichukua siku tatu kupata miguu ya kwenda. Mzee kwenda kumwomba mtoto msamaha si kitu tulicholelewa nacho. Nilimkuta kituoni amekaa kwenye kigoda, anafunga vitunguu mafungu mafungu. Mama yake alikuwa na sinia la kuku kichwani, anasubiri basi. Tukasalimiana. Nikasema, "Mama Hadija, leo nimekuja kwa binti yako."

Nikamwambia Hadija mbele ya mama yake. Nilisema sikukisoma kile kitabu, kurasa ziliharibika kwa uzembe wangu, mvua niliitunga mimi, na aliyechekwa kule Manyoni alipaswa kuwa mimi. Nikasema, "Nisamehe."

Alimtazama mama yake, kama watoto wanavyofanya mkubwa akifanya jambo ambalo hawajafundishwa kulijibu. Mama yake akamwambia kitu kwa Kinyaturu, mimi Mnyiramba nikashika nusu: mjibu mzee.

"Nilijua ni barafu," Hadija akasema.

"Najua."

"Nilijua, Babu. Halafu nikaacha kujua, kwa sababu wewe ulisema umesoma."

Basi likaingia, mama yake akakimbia na sinia dirishani. Tukabaki mimi na yeye na vitunguu. Mama aliporudi, jasho linamtoka, alikuwa bado yuko kwenye mazungumzo yetu. Akaniambia bila ukali wowote, "Babu, mimi shule sikwenda. Huyu akiniuliza nisichokijua namwambia, mimi sijui, kamuulize Babu Stoo. Sasa niambie, nimtume kwa nani?"

Niliaga, nikarudi shuleni kwa miguu.

Hadija hakuja maktaba tena. Alipita nje na wenzake, ananiamkia vizuri, anaendelea. Nikaona kuna kitu kimoja tu ninachoweza kufanya, nacho ni kile nilichodai kuwa nimefanya. Nikatoa kitabu cha kwanza kutoka rafu ya hadithi za kisayansi, nikaweka kamusi pembeni, nikaanza kusoma. Kimoja kilinimalizia wiki tatu. Nilisoma kidole kikiwa chini ya mstari, wanafunzi wakinichungulia na kutabasamu. Cha pili kikaenda haraka kidogo. Nilipofika cha nne nilikuwa nasahau kula.

Huko nilijifunza mambo ambayo jalada halisemi. Niliona vingine vimejaa kuchinjana na kukatana, na mtoto ambaye nyumbani kuna mgonjwa au msiba wa karibu hapaswi kukutana navyo bila kuambiwa kwanza. Vingine vilinionyesha mwandishi anamwona mtoto wa miaka kumi na tatu kama wa miaka sita, na watoto wananusa hilo haraka kuliko harufu ya ugali kuungua. Vingine vilisema kufikia mwaka fulani magari yatakuwa yanaruka angani, na mwaka wenyewe umeshapita na sisi bado tunasukuma pikipiki kwenye matope. Hivyo msivitupe. Mpe mtoto, mwambie akutafutie mwandishi alipokosea na alipopatia. Hakuna kinachomsomesha mtoto wa umri ule kama ruhusa ya kumkosoa mtu mzima.

Siku moja Hadija akaja kurudisha kitabu cha baiolojia. Mimi nilikuwa nimekwama kabisa. Katika hadithi niliyokuwa nayo, watu wanaishi ndani ya chombo chenye umbo la gurudumu, kinazunguka, na wanatembea kwa ndani, huyu kichwa chake kinatazamana na kichwa cha yule wa upande wa pili. Nilikuwa nimeurudia ukurasa mara nne.

Nikasema, "Hadija, samahani. Hapa sielewi. Kwa nini hawa wa juu hawaanguki?"

Alikiangalia kitabu, akaniangalia mimi, nadhani alitaka kuhakikisha simtegi.

"Kweli huelewi?"

"Kweli."

Akasoma ule ukurasa amesimama. Kisha akatoka nje bila kusema kitu. Niliporefusha shingo nikamwona anachota maji bombani kwenye ndoo ndogo ya kupigia deki. "Njoo huku, Babu." Wanafunzi wakaanza kukusanyika. Akashika mpini, akaanza kuipeleka mbele na nyuma, mbele na nyuma, kisha akaizungusha mkono mzima, ndoo ikapita juu ya kichwa chake mdomo ukitazama chini. Nilipiga kelele. Maji hayakumwagika. Akazungusha mara ya pili, ya tatu, ya nne, sketi inapepea, hakuna hata tone.

Akaishusha, akihema. "Maji ni wale watu," akasema. "Ndoo ni chombo. Ukiacha kuzungusha, ndiyo wanaanguka."

"Na ukizungusha polepole?"

"Unalowa." Akacheka. Sikuwa nimeona meno yake tangu Manyoni.

Akaingia ndani, akauliza, "Umefika ukurasa wa ngapi?" Nikamwambia. Akasema, "Ukimaliza niachie."

Tangu siku hiyo hakuna kitabu kilichoingia rafu ile bila kusomwa na wawili: mimi, na mwanafunzi mmoja. Mwanzoni alikuwa Hadija peke yake, baadaye wakawa wengi, na ndani ya jalada tulibandika karatasi, kila aliyesoma anaandika sentensi mbili bila kutaja mwisho. Siku moja nilimuuliza yeye anapimaje hadithi ya kisayansi. Alisema, "Kila hadithi ya namna hii ina kitu ambacho mwandishi amesema hakiwezekani. Natafuta hicho kwanza. Halafu naangalia kama atakuja kuiba." Nimehudhuria semina mbili tatu za mambo ya maktaba, na sijasikia kipimo bora kuliko hicho. Mwandishi akisema kule hakuna hewa, basi hewa isipatikane kwa sababu tu mambo yamekuwa magumu. Mtoto anayesoma hadithi hizi anajifunza kwamba sheria ikishawekwa haipindishwi kwa kuwa unawaonea watu huruma. Unatafuta njia ndani ya sheria. Ukimpa kitabu kinachoiba, unamfundisha kinyume chake. Na ukimdanganya mwenyewe, kama nilivyofanya mimi, ni hivyo hivyo.

Mnaniambia siku hizi watoto wanasoma kwenye simu. Sawa. Simu haina mchwa. Lakini nayo ina hadithi zilizokatika katikati, na zilizotafsiriwa na mtu mwenye haraka, na za zamani zilizobadilishwa jina tu. Kazi ni ile ile: soma wewe kwanza. Na kama hujasoma, sema hujasoma. Mtoto hatakudharau. Nimekaa miaka mingi nikiogopa dharau hiyo, na haikuja.

Hadija akiwa kidato cha tatu shule ilipata kwa mara ya kwanza fungu la kununua vitabu vya hadithi, vipya, vya kuchagua wenyewe. Mwalimu Naomi akasema Mzee Zefania aende Singida mjini, na aende na Hadija. Mama yake alikubali, akatufungia kuku wa njiani.

Mwenye duka la vitabu alikuwa mtu mwema lakini mwenye shughuli. Hadija alipitia rafu ya hadithi za kisayansi kitabu kimoja kimoja, anafungua mwanzo, anafungua katikati, anarudisha. "Hiki hapana, Babu, huyu mtu hataki kitu." "Hiki ndiyo." "Hiki tuwaachie kidato cha nne." Mwenye duka alianza kukohoa kohoa. Mwisho tukabaki na viwili, na nafasi ya kimoja tu.

Mwenye duka akaja, akagonga kimoja kwa kidole. "Mzee, chukua hiki. Mwisho wake unafurahisha sana."

Hadija akamuuliza kwa heshima, "Umekisoma, baba?"

Yule bwana akakuna shingo. "Wateja wanasema."

Hadija akanigeukia. "Babu, wewe unasemaje?"

Duka zima lilikuwa linanisubiri mimi, mzee mwenye koti, aliyetumwa na shule. "Sijui," nikasema. "Sijakisoma."

"Basi tukisome," akasema.

Tukakaa juu ya katoni za madaftari karibu na mlango palipokuwa na mwanga, kitabu kikiwa kwenye mapaja yake nusu na yangu nusu. Wateja waliingia na kutupita. Basi letu la mchana la kurudi Mkiwa liliondoka, tukaisikia honi yake, hakuna aliyeinuka. Yeye alikuwa anasoma haraka kuliko mimi, haraka sana. Alikuwa anafika chini ya ukurasa, anaweka kidole kwenye pembe ya karatasi, na anakaa hapo akinisubiri, mpaka nimwambie, "Geuza."